Besi Kubwa Isipotee Jukwaani

Katika kikundi kikubwa cha taarabu cha Unguja mna mtu mmoja ambaye watazamaji humwona kabla ya kumsikia, na mara nyingine humwona tu wasimsikie kabisa. Huyo ni mpigaji wa besi kubwa, chombo kile cha mbao kinachomzidi mtu kimo, chenye nyuzi 4 nene, ambacho mpigaji hukikumbatia akisimama nyuma ya safu ya fidla. Mkono wake wa kulia unakwenda, kichwa kinakwenda, nyuzi zinaonekana zikitikisika. Walakini mtu aliyeketi nyuma ya ukumbi hasikii ila mvumo usio na mwanzo wala mwisho, kama lori lipitalo mbali usiku.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni dogo. Chombo hiki kiliingia katika taarabu wakati vikundi vya Unguja vilipopanuka kwa kufuata mtindo wa vikundi vikubwa vya Misri, kama kile kilichompigia Umm Kulthum, ambavyo vilikuwa na fidla nyingi, selo na besi kubwa. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958, zote zimekitumia. Lakini katika miaka ya 1990 vikundi vya taarabu ya kisasa vilianza kupiga kwa vinanda vya umeme na gitaa la besi, na tangu hapo mpigaji wa besi kubwa amekuwa mtu wa kutetea kiti chake. Asiposikika vizuri, kiongozi wa kikundi hufanya hesabu fupi. Chombo ni kikubwa, hakiingii katika gari dogo, na sauti yake haieleweki. Kinanda kipo tayari jukwaani. Basi humwambia kwa upole, "Ndugu yangu, kesho pumzika nyumbani, kinanda kitapiga besi." Na mtu akisha kupumzika namna hiyo mara tatu, jina lake limekwisha kutoka katika orodha ya malipo.

Anayepata hasara zaidi ni mwimbaji. Katika taarabu maneno ndiyo mali yenyewe, na mwimbaji hupima sauti yake na mwendo wake kwa ile sauti ya chini. Besi ikiwa tope, mwimbaji huanza kusukuma sauti. Akisukuma, fidla nazo hupandisha. Fidla zikipandisha, mpigaji wa dumbaki hupiga kwa nguvu zaidi. Na baada ya nyimbo mbili ukumbi mzima ni kelele, na shairi zuri limepotea.

Watu wengi, wakiona besi haisikiki, hukimbilia kitufe kilichoandikwa besi kwenye mashine wakakizungusha mpaka mwisho. Hapo hali huharibika zaidi, nao hushangaa. Sababu ni hii. Uzi mnene wa besi kubwa hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Wa pili mara 55. Wa tatu mara 73. Wa nne mara 98. Wimbi la mtetemo wa mara 41 lina urefu unaozidi mita 8 hewani, yaani kama futi 27. Sanduku la besi, ijapokuwa ni kubwa, ni dogo mno kuweza kulisukuma wimbi kama hilo kwa nguvu. Kwa hivyo kitokacho katika chombo ni sauti ndogo ya mtetemo huo wa chini, pamoja na sauti kubwa zaidi za ndugu zake wa juu: mara 82, mara 123, mara 164 na kuendelea. Sikio la binadamu husikia ndugu hao, likamtambua mzazi wao hata kama yeye mwenyewe hakusikika vema. Ni ajabu, lakini ndivyo lilivyoumbwa.

Basi uwazi wa besi haukai chini; unakaa juu kidogo. Upo pale kidole kinapoachia uzi, katika ule mdundo mfupi wa ngozi na mbao ambao humwambia msikilizaji kwamba sauti imeanza sasa. Anayeongeza sauti ya chini kabisa anajaza ukumbi mawimbi marefu yanayogonga kuta na kurudi, yakaufunika ule mdundo. Katika ukumbi wenye sakafu ya saruji na bati juu, sauti moja haijafa nyingine imekwisha kuja. Katika uwanja wa wazi mambo ni kinyume. Pale Ngome Kongwe, ambapo tamasha la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004 limefanyika kwa miaka mingi, hakuna paa la kurudisha wimbi, na sauti ya chini huenda zake angani. Mpigaji aliyezoea kupanga mashine zake kwa namna moja tu atafaulu mahali pamoja na kuaibika pengine.

Kabla ya umeme yapasa kuutazama mkono. Wapigaji wa zamani hawakuwa na mashine, nao walisikika. Jimmy Blanton alipoingia katika bendi ya Duke Ellington huko Marekani mwaka 1939, alikuwa kijana wa miaka 20 au 21, akapiga besi kwa uwazi uliowastaajabisha watu, hata Ellington akarekodi naye vipande vya piano na besi peke yake. Alifariki mwaka 1942, umri wake miaka 23, na wapigaji wa leo bado wanajifunza kwake. Siri moja ya watu kama yeye ni kwamba uzi huvutwa kwa ubavu wa kidole, nyama nyingi ikiugusa, nao huvutwa kuelekea pembeni, si kunyanyuliwa juu. Siri ya pili ni mkono wa kushoto: kidole kisipobana uzi barabara juu ya ubao, sauti hufa mara moja. Hali kadhalika sauti isiyo sahihi, iliyopotoka hata kidogo juu au chini, husikika kama tope. Mara nyingi fundi wa mitambo hulaumiwa kwa kosa ambalo liko katika vidole.

Mpigaji akisha kuwa na mkono mwema, umeme hauepukiki jukwaani, kwa kuwa kila chombo kingine kina umeme. Habari hii ina historia yake. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, Everett Hull, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji wa besi, alibuni maikrofoni ndogo iliyokaa ndani ya tumbo la besi juu ya ule mguu wa chuma unaosimamia chombo. Jina la kampuni yake, Ampeg, lilitokana na kifaa hicho. Mwaka 1951 Leo Fender alitoa gitaa la besi la umeme, ambalo ni ubao mzima usio na tumbo, na kwa hivyo halivumi ovyo mbele ya spika. Wapigaji wengi, wakichoka kubeba sanduku kubwa na kutosikika, wakahamia huko. Hata Leopoldville, ambako Augustin Moniania, aliyejulikana kwa jina la Roitelet, alipiga besi kubwa katika muziki wa miaka ya 1950, bendi za dansi baadaye zilikuja kushika gitaa la besi karibu zote. Taarabu ni miongoni mwa miziki michache ya Afrika Mashariki iliyoendelea na chombo cha mbao.

Leo mpigaji ana njia mbili. Njia ya kwanza ni maikrofoni iliyowekwa karibu na chombo. Hii hutoa sauti ya kweli, ya mbao yenyewe, lakini maikrofoni haina adabu ya kuchagua. Husikia besi, ikasikia pia dumbaki, akodiani na spika iliyo karibu. Ikisikia spika, sauti huzunguka: hutoka katika spika, huingia katika maikrofoni, hurudi katika spika ikiwa kubwa zaidi, na mara ukumbi mzima unanguruma. Wengine huipunguza shida hii kwa kuifunga maikrofoni ndogo ndani ya sifongo na kuibana chini ya daraja, yaani kile kibao kinachobeba nyuzi. Dawa hii haigharimu fedha nyingi, nayo inafaa sana katika ukumbi mdogo.

Njia ya pili ni kidude cha kudaka mtetemo wa mbao yenyewe, kinachobandikwa katika daraja au chini ya mguu wake. Ndani yake mna kitu kinachotoa umeme kikibanwa, tabia iliyogunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kidude hiki hakisikii dumbaki sana, wala hakipandwi na mngurumo upesi. Lakini kina kasoro moja ambayo wengi hawaijui, na kwa kutoijua hukitupa chombo chema wakidhani ni kibovu.

Kasoro yenyewe ni hii. Umeme utokao katika kidude hicho ni mnyonge kabisa. Ukichomekwa moja kwa moja katika tundu la kawaida la mashine ya kuchanganya sauti, mashine huunyonya, na sauti za chini ndizo zinazokufa kwanza. Kinachobaki ni mlio mwembamba wa puani, kama kijiko kikigonga sinia. Fundi akisikia hivyo huongeza sauti ya chini, akapata tope juu ya mlio wa kijiko. Dawa ni kisanduku kidogo kinachokaa katikati, ambacho mlango wake una upinzani wa omu milioni 1 au zaidi. Vingine vina omu milioni 10. Kisanduku hicho huupokea umeme ule mnyonge bila kuunyonya, kisha huupeleka mbele ukiwa na nguvu. Vingi hutumia betri moja ya volti 9, na mpigaji mwenye busara hubeba ya akiba, kwa sababu betri haifi mchana wakati wa majaribio. Hufa usiku bwana harusi akiwa ameketi.

Kisanduku kizuri huwa na vitufe viwili vingine ambavyo thamani yake haionekani mpaka siku ya taabu. Kimoja hukata mitetemo ya chini kabisa, ile iliyo chini ya mara 40 hivi kwa sekunde. Huko hamna muziki wowote wa besi yenye nyuzi 4; mna vishindo vya miguu jukwaani, upepo, na mkono unaogonga sanduku. Spika hutumia nguvu zake bure kuvisukuma vishindo hivyo, ikachoka kabla ya wakati. Kikikatwa, besi husafika papo hapo, na watu hudhani imeongezwa. Kitufe cha pili hugeuza mwendo wa sauti, ili spika ivute hewa pale ilipokuwa ikisukuma. Besi ikianza kunguruma, kitufe hiki kikibonyezwa mara nyingine mngurumo hunyamaza. Kisiponyamaza, kirudishwe kilivyokuwa.

Baada ya hapo fundi apunguze, asiongeze. Mvumo mbaya wa ukumbi aghalabu umekaa kati ya mara 100 na 200 kwa sekunde. Apunguze hapo taratibu akisikiliza. Ikiwa bado vidole havisikiki, aongeze kidogo sana karibu na mara 700 hadi 1,000. Na ikiwa noti moja tu inalipuka kila ipigwapo huku nyingine ni za kawaida, aitafute noti hiyo na kuipunguza yenyewe, asiiadhibu besi nzima kwa kosa la noti moja.

Mahali pa kusimama panataka kufikiriwa mapema, kabla viti havijapangwa. Jukwaa la mbao lililo tupu chini yake ni ngoma kubwa. Mguu wa chuma wa besi ukisimama juu yake, jukwaa zima hutetemeka na kuirudishia besi mtetemo kupitia mguu ule ule. Kipande cha mpira au zulia nene chini ya mguu huondoa sehemu kubwa ya balaa hilo. Spika ya mpigaji nayo isiwekwe sakafuni kwenye pembe ya ukuta, kwa maana pembe huongeza mvumo; iinuliwe juu ya kiti au sanduku mpaka ielekee sikio lake. Mpigaji asiyejisikia huvuta nyuzi kwa hasira, na uzi unaovutwa kwa hasira hugonga ubao na kupotosha sauti. Akijisikia hutulia, na mkono wake ukitulia sauti huwa kubwa zaidi. Wala spika isielekee matundu ya besi kwa karibu. Wengine huyaziba matundu hayo kwa sifongo wakati wa onyesho, nayo ni njia nzuri mahali penye kelele nyingi.

Kuna jambo ambalo hakuna mashine iwezayo kulitengeneza, nalo ni majirani. Sauti ya "dum" ya dumbaki inakaa sehemu ile ile ya chini inayokaa besi. Zikija pamoja kwa wakati mmoja hasa, husaidiana. Zikipishana kwa nusu ya pumzi, hufunikana. Mpigaji wa besi na mpigaji wa dumbaki yawapasa kusimama mahali wanapoonana uso kwa uso, na si kila mmoja ncha yake ya jukwaa kama watu waliogombana. Mpigaji wa akodiani asiguse vile vifungo vya besi vya mkono wa kushoto. Vifungo hivyo vilitengenezwa kwa mtu anayepiga peke yake. Kikundi kikiwa na kinanda cha umeme, mkono wa kushoto wa mpiga kinanda ukae juu ya goti lake. Maneno haya ni magumu kumwambia mzee aliyeanza kupiga kabla hujazaliwa, na kijana mwenye besi hana budi kumpitia kiongozi wa kikundi, tena kwa heshima na faraghani, wala si jukwaani mbele ya watu. Lakini lazima yasemwe. Kila besi ya ziada katika kikundi huzima besi iliyopo.

Wakati wa majaribio ukumbi huwa mtupu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Miili na nguo za watu humeza sauti za juu na za kati kuliko za chini. Ukumbi ukijaa, mdundo wa vidole hupungua ila mvumo hubaki. Kwa hivyo besi iliyosikika sawasawa saa 10 alasiri itasikika nzito zaidi saa 3 usiku. Fundi apange besi iwe nyembamba kidogo kuliko apendavyo, watu watakapokuja itakuwa sawa. Mpigaji naye, kama ana waya mrefu, ashuke na chombo chake hadi katikati ya viti apige noti chache huku wenzake wakipiga bashrafu, ajisikie kama mtazamaji amsikiavyo. Atajifunza mengi kwa dakika tano hizo kuliko kwa kuuliza watu, kwa kuwa rafiki yake akiulizwa atasema "nzuri tu."

Kwa watu wa pwani kuna adui mwingine, nao ni unyevu. Wakati wa masika mbao hunywa maji ya hewani, uso wa besi huvimba, daraja huinuka, na nyuzi hukaa mbali na ubao hata vidole vikauma. Wakati wa kiangazi huteremka, nyuzi zikaanza kugonga ubao na kulia kama nyuki. Mpigaji aliye na daraja lenye skrubu za kupandisha na kuteremsha hupona. Asiye nazo aweke madaraja mawili, la masika na la kiangazi. Besi ya mbao za tabaka zilizogundishwa pamoja hustahimili hali hii kuliko besi ya mbao iliyochongwa nzima, wala haipasuki upesi, na tena haingurumi haraka mbele ya spika. Sauti yake haina utamu wote wa ile iliyochongwa, lakini kwa kikundi kinachosafiri kwa boti hadi Pemba na kurudi, huenda huo ndio ununuzi wa akili.

Na anayebadilisha nyuzi, zikiwa zimezeeka na kupoteza mdundo wake, abadilishe mmoja mmoja. Ndani ya tumbo la besi, karibu na mguu wa daraja ulio upande wa uzi mwembamba, kimesimama kijiti kinachobeba uso wa chombo na kupeleka mtetemo mgongoni. Kijiti hicho hakikugundishwa. Kinashikwa na mbano wa nyuzi tu. Nyuzi zote zikilegezwa pamoja kinaweza kuanguka, na kukisimamisha tena kupitia matundu yale membamba ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake. Huku nyuma chombo hakipigiki, na kama harusi ni kesho, kinanda kitapiga besi.